Panya wa Jangwani na Sikio la Mama

Kila mwaka tukifika kwenye somo la masikio, naingia darasani Tunguu nikiwa na kisanduku cha sabuni. Sabuni haimo. Ndani yake, juu ya pamba, limelala fuvu la panya wa jangwani, jepesi mno, ukipewa huku umefumba macho hujui kama umeshapewa. Lilikuwepo chuoni kabla yangu na hakuna anayejua lililetwa na nani. Kazi yangu kubwa ni kulipigania lisiote ukungu, maana kisiwa chetu hakiachi kitu kikae kikavu. Nalianika dirishani kama watu wanavyoanika dagaa, na walimu wenzangu wananicheka.

Wanafunzi nao hucheka wakiliona. Nyuma ya fuvu yametokeza mavimbe mawili ya mfupa, makubwa, utadhani kichwa kimeota vichwa vingine. Wengi hufikiri ni ugonjwa. Nawaambia hayo ndiyo masikio. Wanaliangalia tena, wanaligeuza, na hapo ndipo ninapopandwa na hamu ya kufundisha, kwa sababu watu wanadhani sikio ni ile ngozi ya kutundikia herini.

Hiyo ya nje nayo ina kazi zake jangwani, nawaambia. Wako panya wa huko wenye masikio marefu, membamba, yaliyojaa mishipa ya damu, na joto la mwili linatokea humo. Wako wengine wenye masikio madogo yenye manyoya mlangoni, mchanga usiingie. Lakini la ajabu liko ndani ya mfupa. Nyuma ya ngoma ya sikio kila mmoja wetu ana chumba cha hewa. Kwa mnyama mdogo kama panya wa dari zetu, chumba hicho ni kidogo, na hewa iliyobanwa mahali padogo inakuwa ngumu, inaizuia ngoma isicheze, na sauti nzito zinapita bila kusikika. Panya wa jangwani chumba chake ni kikubwa kupita kiasi, hewa imekaa kwa nafasi, ngoma inakwenda na kurudi bila tabu. Kwa hiyo anasikia vile vishindo vizito vya chini kabisa: bawa la bundi linaposukuma hewa, nyoka anapojirusha. Huko hakuna kichaka cha kujifichia. Hewa kavu nayo huzimeza sauti nyembamba hazijafika mbali, nzito ndizo zinazosafiri. Aliyezisikia aliruka akaishi, akazaa. Asiyezisikia hakuacha mtoto wa kumrithi.

"Na sauti nyembamba hazisikii?" aliniuliza binti mmoja, mwaka huo ninaotaka kuusimulia. Nikamwambia anazisikia pia, yeye kajaaliwa zote mbili. Hakuridhika. "Sasa kama angeachiwa zile nzito tu, mwalimu?"

Nilikuwa na haraka ya kumaliza kipindi. Nikamjibu kwamba angewasikia maadui zake wote asiwasikie watoto wake. Darasa likacheka, nikafunga kisanduku.

Mwaka huohuo nilipata nafasi ya kwenda kusoma Omani, kwenye jangwa lenyewe, wanakoishi wenye mafuvu hayo wakiwa bado na nyama. Watu wa kwetu wakisikia Omani hawakuulizi unakwenda kufanya nini, wanakuuliza unakwenda kwa nani. Nikiwaambia nakwenda kwa panya wanaguna. Fundi cherehani wangu wa Jang'ombe, ninakopanga chumba, aliniuliza kama panya wa Unguja nimeshawamaliza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini siku hizo sikukasirika na mtu. Nilikuwa na furaha ya kitoto, natembea najichekea peke yangu.

Kilichobaki kilikuwa radhi ya mama.

Sisemi radhi ya kosa, ile ya samahani. Nasema ile ya safari. Kwetu mtu haendi mbali mpaka mama atamke kwa mdomo wake kwamba amemridhia na maziwa aliyomnyonyesha amemhalalishia, ili ukifia huko, au akifia yeye huku, pasibaki neno kati yenu. Nilipoolewa niliiomba. Nilipoachika nikarudi niliiomba tena, ingawa hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Na ina namna yake. Unakaa chini ya pale alipokaa, unamshika mguu, unainamisha kichwa, unasema polepole, kwa sauti laini. Humtazami usoni. Mwenye kuomba radhi huku kichwa kiko juu anaonekana amekuja kudai.

Mama anaishi Jambiani na analima mwani. Tangu nina akili namjua akitoka na wenzake maji yakipwa, na kurudi na magunia yanayochuruzika. Sisi tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu. Mama humwita kaka "baba" na mimi huniita "mama", kama kina mama wote wa kwetu wanavyowaita watoto wao. Tukiwa wadogo alikuwa akituita kutoka pwani, na kuitika kulikuwa na sheria. Kaka anaitika "Naam", mimi naitika "Labeka", na ole wako ukiitika "Nini". Miaka ya karibuni alianza kuniita, naitika, anaita tena, naitika, mpaka anatokea mlangoni amenuna. "Siku hizi huitiki, mama?" ananiuliza. Nilidhani ni uzee umemwongezea ukali. Niliitika zaidi, kwa adabu zaidi, kwa sauti laini zaidi.

Nikaenda Jambiani Jumamosi moja. Nilimkuta ukumbini anafunga vipande vya mwani kwenye kamba ndefu kwa vile vijikamba vidogo tunavyoviita tai-tai. Nilitoa shikamoo, akaitika marahaba. Nikakaa sakafuni. Nikamshika mguu, ule mguu wake uliokunjamana kwa chumvi, nikainamisha kichwa mpaka mtandio ukanifunika uso, nikamwambia yote. Kwamba nnakwenda Omani kusoma. Kwamba ni miaka si kidogo. Kwamba mama mdogo, nduguye anayekaa nyumba ya pili, ameahidi kumwangalia. Kwamba nnaomba aniridhie.

Mikono yake haikusimama. Nilikuwa nasikia tai-tai zinavyokazwa, moja, nyingine, nyingine. Nilingoja. Jasho la shingoni lilinitiririka. Baadaye akasema, "Chai imo ndani ya chupa. Kunywa, usiondoke na njaa."

Mimi namjua mama. Tangu utotoni, jambo asilolitaka halikatai, analifunika kwa chakula. Nilipotaka kwenda kambi ya shule alinikaangia samaki. Nilipomwambia mume wangu ananipiga alinitilia uji, kwa sababu wakati ule alikuwa bado anataka nivumilie. Kwa hiyo niliinuka, nikamimina chai, nikainywa yote, na nikarudi mjini nikiwa nimekataliwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, nimeshaolewa na kuachika, na hakuna sheria iliyonizuia kupanda ndege. Lakini sikuwa na ubavu wa kuondoka hivyo. Nilianza kutunga kichwani maneno ya kuwaambia wa Omani kwamba siji. Nililianika fuvu dirishani na kulianua, bila sababu, kama mtu anayefunga na kufungua mlango.

Kaka akanipigia kutoka Dar es Salaam. Kaka yangu ana sauti nzito kama ya mtu anayesema ndani ya pipa, na tangu ahamie huko kuja kwake ni kwa nadra, kila sikukuu ana udhuru.

"Wewe una nini na mama?" akaniuliza.

"Kwani kasema nini?"

"Ananilalamikia. Anasikia kwa watu kwamba mwanawe anasafiri, yeye hujamwambia. Kasema ulikuja, ukamshika mguu, ukainama, ukakaa kimya, ukanywa chai ukaondoka. Anadhani unaumwa."

Nilikaa kitandani. Nikamwambia, kwa pumzi, "Nilimwambia kila kitu."

"Basi hakusikia."

"Wewe anakusikiaje?"

"Sijui. Mimi nnasema tu." Na ni kweli, yeye anasema tu. "Nshamwambia kwamba unaomba radhi. Kasema radhi haitumwi. Aje mwenyewe anitamkie."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kuna furaha ilinijia, kwa sababu sikukataliwa. Na papo hapo ikanijia hasira ya kijinga juu ya kaka yangu, ambaye sauti yake inavuka bahari ndani ya simu yenye ufa na kumfika mama moja kwa moja, na mimi niliyekaa miguuni pake sikufika popote.

Tulimleta mjini kwa daktari wa masikio. Alikubali kwa sababu kaka ndiye aliyemwomba, tena kwa kumwambia anakwenda kupimwa presha. Duka la dawa lenye chumba cha daktari huyo liko ndani ya Mji Mkongwe, na tulilazimika kupita vichochoroni, mama mbele kwa haraka zake za kuonyesha kwamba hana ugonjwa wowote, mimi nyuma na mkoba wake. Akaja mtu wa baiskeli. Alipiga kengele. Aliipiga tena, na tena, ikatoa mlio mkali uliogonga kuta zote mbili. Mama hakusogea hata kidogo. Nilimvuta mkono, baiskeli ikampitia karibu na buibui, na mwenye baiskeli akatutupia neno nisiloweza kuliandika. Mama akaniuliza kwa nini namvuta vuta.

Hatukuenda mbali, akasimama mwenyewe. Akajibanza ukutani, akanivuta na mimi. "Pikipiki," akasema. Mimi sikusikia kitu. Tulisimama pale tumebanana na ukuta, nikaanza kuona aibu mbele ya wapita njia, na ndipo nilipoanza kuisikia, mbali, inanguruma nyuma ya kona, mpaka ikatokea na kutupita. Mama akanitazama kwa ushindi. "Na bado mnasema mimi sisikii."

Daktari alikuwa mzee wa Kihindi mwenye sauti nene, Kiswahili chake cha mtaa wa Malindi kimenyooka. Alimwuliza mama habari za mwani, mama akamjibu. Alimwuliza bei imepanda au imeshuka, mama akamjibu kwa kirefu na kwa malalamiko. Mimi nilikaa pembeni kama niliyemsingizia mwenzangu. Kisha akamvisha vile vya masikioni na kuanza kumpigia milio, akimwambia ainue mkono kila akisikia. Mama aliinua mkono, akainua, akainua, na baadaye mkono ukatulia mapajani. Daktari aliendelea kubonyeza. Kwenye kioo cha mashine niliuona mstari unaanza juu upande wa sauti nzito, unakwenda vizuri, halafu unaporomoka.

"Nzito anazo," daktari akaniambia. "Nyembamba zimekwenda. Ni umri. Sauti za wanawake na watoto ndizo zinazotangulia kumtoka mtu."

Nilimkumbuka yule binti wa darasani na swali lake, na jinsi nilivyomjibu kwa mzaha. Panya wangu kajaaliwa zote mbili, aliongezewa nzito bila kunyang'anywa nyembamba. Mama kaachiwa upande mmoja. Anausikia mwamba wa Jambiani unavyovuma maji yanapogeuka, tena kabla ya wenzake wenye nusu ya umri wake, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwogopea huko pwani. Anazisikia injini, radi, adhana, wanaume. Wenzake wanapomwita kwenye maji hawasikii. Mimi hanisikii.

Tulipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Siku ya kwanza mama alisema mji mzima unakaanga. Siku ya pili alisema kuna mtu anamfagilia ndani ya kichwa. Baadaye kikapotea, na mama mdogo akakikuta ndani ya kopo la mchele wakati anapepeta. Tukakifuta, tukambembeleza, akakivaa kwa kutuonea huruma, na akashuka nacho pwani. Maji ya chumvi yalimaliza habari yake siku hiyohiyo. Mama alikirudisha kwangu kimefungwa kwenye kitambaa, kwa heshima, kama kitu cha watu. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, nikakitia mkobani.

Mtu atasema ningemwandikia. Mama anasoma msahafu tu, na huo nao zaidi ni kwa kuuhifadhi. Mtu atasema ningeinua uso anione midomo. Niliinua. Niliacha adabu, nikakaa mbele yake, nikasema neno moja moja, na mama akaitikia kwa kichwa, "Haya. Haya. Inshallah." Nilijua ile "haya". Ndiyo anayompa kila mtu siku hizi, anaigawa kama njugu, ili asionekane hakusikia. Nilimjaribu. Nikamwambia kwa uso uleule kwamba paa la nyumba limeungua. "Haya, mama," akasema. "Mungu atajaalia."

Basi nikapiga kelele. Ilikuwa mchana, milango iko wazi, watu wanapita kwenda pwani. Nilisimama katikati ya ukumbi, nikapaza sauti yote niliyonayo: "Mama! Nnasafiri! Nnaomba radhi!" Jirani alitoka nje na mwiko mkononi. Mama aliniangalia. Aliona mdomo umepanuka, aliona mishipa ya shingo, na kilichomfika ni sura ya mwanawe anayemfokea mbele za watu.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekukosea nini, mama, hata unipayukie hivi? Kama nakuchosha si uniambie taratibu."

Mama mdogo alikuja mbio kumweleza, na yeye ana sauti nyembamba kuliko yangu. Tukawa wawili tunampigia kelele mwanamke aliyekaa. Alijifunika uso kwa kanga. Nilielewa wakati ule, huku bado napiga kelele, kwamba kadiri ninavyopaza ndivyo sauti inavyopanda na kuwa nyembamba, ndivyo ninavyozidi kumtoka. Nikanyamaza. Nilijichukia, na sikujua ninajichukia kwa kosa gani.

Wiki iliyofuata nilimpelekea lile fuvu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka tu awe na kitu mkononi cha safari yangu. Alikuwa ameshanisamehe, au ameamua kusahau. Aliniambia nimtolee uchafu wa panya ndani ya nyumba, kisha udadisi ukamshinda, akalichukua, akaliweka kwenye kiganja. Akayapapasa yale mavimbe mawili kwa kidole kigumu. Nilimwonyesha sikio langu, nikaonyesha mavimbe, nikaonyesha sikio langu tena. Alielewa mara moja.

"Haya yote masikio?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na huko kwao si jangwa tupu? Anamsikiliza nani?" Alilirudisha kwenye pamba taratibu, akalifunika. "Maskini," akasema.

Siku za kuondoka zikakaribia. Nilichobaki nacho ni kile ninachokijua kwa kufundisha: kama nzito ndizo zinazomfika, nimpelekee nzito. Nilianza kujizoeza kwenye darasa tupu, Tunguu, wanafunzi wakishaondoka. Niliweka mkono kifuani, nikaitafuta sauti chini kabisa, inapotetemesha mfupa, nikasema, "Mama, nnasafiri." Mwanzo nilikohoa tu. Mwalimu mwenzangu alichungulia akaniuliza kama mafua yamenipanda, nikamwambia ndiyo. Niliendelea. Siri ni kutopaza. Unaiacha sauti iende polepole, unaishusha kama ndoo kisimani, hutumii nguvu. Nilifika mahali nikaweza kusema sentensi nzima bila kupanda, na nilipoisikia inarudi kutoka ukutani nilisisimka.

Nilikwenda Jambiani siku moja kabla ya ndege. Mama mdogo alinipokea nje, akaniambia mama karudi pwani amechoka, kasali Adhuhuri na kujinyoosha. Niliingia. Chumba kilikuwa na ile harufu yake ya mwani na karafuu. Alikuwa amelala ubavu, uso kauelekeza ukutani, kanga imemfunika mpaka begani, miguu iko nje. Mwanga wa mlangoni uliishia sakafuni. Nikakaa chini. Nikamshika mguu. Niliinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na moyo ulikuwa unanipiga mpaka niliogopa utaniharibia sauti. Nikangoja utulie.

"Mama," nikasema.

Ilitoka vizuri. Ilitoka kifuani, pana, haikutikisika. Mguu wake ukashtuka mkononi mwangu.

"Umekuja," akasema. Hakugeuka. Aliusogeza mguu karibu yangu zaidi.

Amenisikia. Nilitaka kucheka kwa furaha. Nikashika pumzi nisije nikaipoteza ile sauti, nikaendelea kuishusha, neno baada ya neno. "Nnasafiri, mama. Nnakwenda mbali. Nimekuja uniridhie."

Niliona bega linapanda na kushuka chini ya kanga. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisubiri jambo kwa muda mrefu.

"Nenda, baba," akasema.

Sikuelewa mara moja. Niliendelea kuinama, nashukuru Mungu, na maneno yakaendelea kuja juu ya kichwa changu.

"Nenda, baba, mimi nimekuridhia. Maziwa yangu uliyonyonya nimekuhalalishia. Mgongo uliokubeba nimekuhalalishia. Usichoniletea nimekusamehe na ulichoniletea nimepokea. Mbele yako kheri na nyuma yako kheri. Mungu akufunike kwa pazia lake." Alivuta kamasi. "Ulichelewa kuja, lakini umekuja. Alhamdulillahi."

Nilikuwa nimeshauinua uso. Ningeweza kumgusa bega akageuka akaniona. Lakini angeona nini? Angeona kwamba kamwaga yaliyokuwa moyoni mwake kwa asiyemkusudia, na kwamba mwanawe wa kiume hakuja, na kwamba ni kweli hasikii. Yote matatu kwa mara moja, kitandani, na mimi ninaondoka kesho. Nikauacha mkono mguuni pake.

"Na dada yako," mama akasema, bado anauambia ukuta, "mwambie aje. Mimi simwekei kinyongo. Radhi yake ipo, nimemuwekea, namsubiri aje aiombe tu. Kila akija ananishika mguu, anainama, ananyamaza. Sijui nimemfanya nini mwanangu."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ni mimi. Labeka. Mimi hapa."

Machozi yalikuwa yameshaninyanyua sauti. Niliisikia mwenyewe ilivyotoka, nyembamba, imepanda juu kabisa, kule ambako mstari wa daktari unaporomoka. Nikasema tena. Mama alivuta kanga vizuri begani, kama mtu aliye chumbani peke yake na anayengoja jibu.

"Utamwambia?" akauliza. "Unanisikia, baba?"

Niliweka mkono kifuani. Niliitafuta ile sauti, nikaikosa, nikaitafuta tena chini zaidi, na ilipokuja ilinitosha kwa neno moja tu.

"Naam," nikaitika.